Ugumu Kwanza au Ulaini Kwanza?

Uliyeko jikoni, punguza moto kidogo. Uliyeko njiani kurudi nyumbani, endelea na safari yako huku umetega sikio. Leo nataka tuzungumzie ngumi. Sisemi ngumi za ulingoni, zile za glavu na kengele, wala ngumi za sinema za Bruce Lee zilizojaza kumbi za miji yetu miaka ya 1970. Nasema mtindo mmoja wa Uchina uitwao xingyiquan. Ukitaka kuutamka, sema shing-yi-chwan, utakuwa umekaribia. Ni mtindo wa wanyama: yumo joka, yumo simbamarara, kima, farasi, mamba, jogoo, kipanga, mbayuwayu, nyoka, tai na dubu. Wa kumi na mbili ni ndege ambaye walimu wenyewe mpaka leo hawajakubaliana ni ndege gani, na wala hilo haliwazuii kumfundisha. Wachina huuhesabu mtindo huu miongoni mwa sanaa za ndani, pamoja na taijiquan, ile ya mwendo wa polepole ambayo wazee hufanya bustanini alfajiri, na baguazhang, ya kuzunguka duara. Swali langu leo ni moja tu, na nitalirudia ili lisitupotee: mtu anayejifunza sanaa kama hii aanzie wapi, kwenye ugumu au kwenye ulaini?

Wengi tungejibu bila kusita kwamba aanzie kwenye ulaini. Tumesikia kwamba sanaa za nje ni za misuli na sanaa za ndani ni za pumzi na utulivu, basi anayetaka ya ndani aache nguvu mlangoni kama mtu anavyoacha viatu. Mgawanyo huo una umri mrefu. Mwaka 1669 mwanazuoni Huang Zongxi, akiandika maneno ya kaburi la mpiganaji mmoja, aliitaja sanaa ya ndani na kuiweka kando na ile ya hekalu la Shaolin. Zaidi ya karne mbili baadaye, mwaka 1928, serikali ya Uchina ilipofungua Taasisi Kuu ya sanaa za mapigano mjini Nanjing, ikagawa mafunzo katika idara mbili, moja iliyoitwa Wudang kwa mitindo ya ndani na nyingine ya Shaolin kwa mitindo mingine. Mgawanyo huo wa idara haukudumu. Mimi nadhani haukuwa na sababu ya kudumu, na xingyi ndiyo inayoonyesha kwa nini. Mtu asiyeambiwa lolote akiiona inachezwa, hataiita laini hata kidogo. Inakwenda moja kwa moja mbele, hatua fupi, ngumi fupi, mguu unapiga ardhi. Inakuwaje basi ikawa ya ndani?

Tuanze na chimbuko lake. Walimu wa xingyi hupenda kumtaja Yue Fei, jemadari wa enzi ya Song aliyeuawa mwaka 1142, lakini huko ni kumpa mtindo babu mwenye jina kubwa, historia haifiki huko. Mtu wa kwanza ambaye masimulizi yake yana uzito ni Ji Jike wa jimbo la Shanxi, aliyeishi karne ya 17, enzi ya Ming ilipokuwa inaporomoka na Qing inaingia. Sifa ya Ji Jike ilikuwa mkuki, na inasemwa kwamba aliuhamisha mkuki akaufanya ngumi. Hapo, msikilizaji, naomba tutulie kidogo. Jaribu kuwaza mtu ameshika mkuki mrefu wa Kichina kwa mikono miwili. Mkono wa nyuma umeshika mwisho wa mti, umebana kama kufuli. Mkono wa mbele haubani. Umefanya tundu tu, mti upite ndani yake uteleze mbele na kurudi. Akibana mikono yote miwili, mkuki hauendi popote. Akiilegeza yote miwili, adui ataugonga mkuki kwa kijiti na utamtoka. Kwa hiyo ndani ya mwili mmoja, kwa wakati mmoja, kuna mkono mgumu na mkono laini, na kila mmoja una kazi yake. Huo ndio urithi ambao xingyi iliubeba hata baada ya mkuki wenyewe kuwekwa chini.

Kutoka kwa Ji Jike mtindo uligawanyika. Tawi moja lilikwenda jimbo la Henan na kukaa mikononi mwa Wahui, yaani Waislamu wa Uchina, kupitia Ma Xueli wa Luoyang. Wasikilizaji Waislamu huenda wakafurahi kusikia kwamba kwa vizazi vingi ngumi hizi zilitunzwa na jamii za waumini wenzao, na hao wana wanyama kumi badala ya kumi na wawili. Tawi lingine lilibaki Shanxi katika ukoo wa Dai. Karne ya 19 mtu mmoja kutoka jimbo la Hebei, Li Luoneng, akaenda kujifunza kwa ukoo huo, na kwake ndiko ilikotoka xingyi tunayoizungumzia leo, yenye ngumi tano za msingi na wanyama kumi na wawili. Mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Guo Yunshen. Inasimuliwa kwamba Guo alimuua mtu, akafungwa miaka mitatu, na kwa kuwa alikuwa na minyororo miguuni, akawa anafanya mazoezi ya nusu hatua tu, mpaka nusu hatua hiyo ikamtosha kumwangusha kila aliyekutana naye. Habari za minyororo nawaachia wasimulizi. Ninachokitaka kwa Guo ni maelezo yake, kwa sababu bahati nzuri yaliandikwa na mwanafunzi aliyeelimika, Sun Lutang, aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki mwaka 1933, katika kitabu chake Quan Yi Shu Zhen kilichotoka mwaka 1924.

Guo alisema nguvu za xingyi ni tatu, na zinakuja kwa zamu. Ya kwanza ni nguvu ya wazi, mingjin. Ya pili ni nguvu ya siri, anjin. Ya tatu ni nguvu ya kugeuza, huajin, ambayo inaendeshwa na nia kuliko msuli. Ya kwanza inaitwa ngumu, ya pili laini. Basi, wasikilizaji, mmeona? Katika sanaa hii inayoitwa ya ndani, mwanafunzi haanzi na ulaini. Anaanza na ugumu. Lakini tuulizane, ugumu gani? Hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, maana wakisikia nguvu ya wazi wanadhani ni kukakamaa, kukunja uso na kutoa mishipa ya shingo. Guo hakusema hivyo. Masharti aliyoyaweka kwa hatua hiyo ya kwanza ni mawili: mwili ugeuke kwa upatano bila kujipinga wenyewe, na mikono na miguu ipande na kushuka kwa mpangilio bila kutawanyika. Hakutaka msuli mnene. Alitaka mpangilio. Ugumu wa hatua ya kwanza ni mifupa na viungo kujifunza kufika pamoja, na unaitwa wa wazi kwa sababu mwalimu anauona kwa macho na kuusikia kwa masikio.

Nimesema kuusikia, na sikutia chumvi. Sun Lutang anatueleza, kutoka kwa mwalimu wake, kwamba hatua za miguu katika nguvu ya wazi na nguvu ya siri ni zilezile; tofauti ni kuwa ya kwanza ina sauti na ya pili haina. Naona hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika. Guo hamwambii mwanafunzi wake aliyepanda daraja atupe alichojifunza ashike kingine. Umbo halibadiliki, njia ya ngumi haibadiliki, mguu unakanyaga palepale. Kilichobadilika ni kwamba kishindo kimeingia ndani. Na hata hapo haelezi ulegevu: mikono, anasema, iwe kama inachana pamba ya hariri, au inavuta upinde mgumu. Nani amewahi kuvuta upinde akiwa legelege? Ulaini wa xingyi una mvutano ndani yake, ila mvutano huo umesambaa mwili mzima badala ya kuganda begani.

Tuutazame kwa karibu. Chukua ngumi iitwayo beng, ile aliyosifiwa nayo Guo. Mtu anasimama mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, na uzito wake mwingi uko mguu wa nyuma. Kichwa kinasukuma juu, mabega yameshuka, viwiko vinaangalia chini. Ngumi inakaa kando ya mbavu, kidole gumba kikiwa upande wa juu. Anapotoka, mguu wa mbele unapiga hatua, ngumi inasafiri mbele huku kiwiko kikisugua ubavu, na mguu wa nyuma unavutwa kufuata kwa nusu hatua. Ngumi inafika mguu unapotua, hautangulii huu wala haichelewi ile. Hayo tu. Mkono mzima wa mtu una takriban asilimia 5 ya uzito wake. Anayepiga kwa mkono peke yake anarusha hiyo asilimia 5. Anayepiga huku mwili wote umesafiri na umefungamana, bega na nyonga, kiwiko na goti, kiganja na wayo, anarusha zaidi sana, na hahitaji hata kuirudisha ngumi nyuma kujipa nafasi. Ndiyo maana mazoezi ya mwanzo yanachosha na yanachukiza: mwanafunzi anakwenda na kurudi uwanjani na ngumi moja mpaka mguu na ngumi vinapatana.

Sasa tuone kama sayansi ya leo ina la kusema. Mwaka 2010 Stuart McGill wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliopima umeme wa misuli ya wapiganaji mahiri wa mapigano mseto walipokuwa wakipiga. Walichokiona katika mapigo mengi ni misuli kukaza mara mbili. Inakaza mwanzoni kuuamsha mwili, kisha inaachia katikati ya safari ili mkono au mguu uende kasi, kisha inakaza tena wakati wa kugusa ili mwili uwe kitu kimoja nyuma ya pigo. Mgumu, laini, mgumu, ndani ya pigo moja. Mwenye mashaka amtazame mama anayetwanga. Haukandamizi mchi njia nzima. Anauinua kwa nguvu, unaposhuka anaulegezea mkono ushuke kwa uzito wake, na kiganja kinabana tena unapogonga kinu. Anayeubana muda wote hatamaliza hata pishi moja, na kesho yake hainui mikono. Sidai kwamba Guo Yunshen alijua habari za umeme wa misuli. Nadai kwamba ugumu na ulaini katika pigo hupokezana kwa zamu, na mtu ambaye hajajifunza kukaza palipo pake hana cha kuachia.

Na wanyama wanaingia wapi? Mtu atasema ni mapambo, ni ngoma za jukwaani. Kwa mitindo mingine pengine. Wanyama wa xingyi hawaigizwi sura; hakuna anayejikuna kama kima. Umbo la mnyama ni fupi mno, mara nyingi ni mwendo mmoja au miwili unaorudiwa kulia na kushoto, na kila mmoja ni namna ya kuchanganya magumu na malaini kwa kipimo tofauti. Simbamarara anaruka na kupiga kwa viganja viwili, uzito wote mbele. Hapo ugumu ndio mwingi. Mamba anaelea: mikono inazunguka mbele ya kifua, hatua zinakwenda kwa mshazari, kiuno kinaongoza, na pigo linatoka kwenye mzunguko bila kusimama. Nyoka anajikunja chini, mkono mmoja ukilinda bega, kisha anafunguka kutoka chini kwenda juu kwa bega na mkono. Tai na dubu huchezwa pamoja kama mnyama mmoja, dubu akiinuka na tai akishuka na kucha zake. Mwanafunzi anayepitia wote anakuta kwamba hakuna mnyama aliye mgumu mtupu wala laini mtupu, na hiyo kwangu ni hoja yenye uzito kuliko nadharia yoyote.

Nakubali kuna pingamizi, na la kwanza ni zito. Ukoo wa Dai, wale waliomfundisha Li Luoneng, hawaanzi na kishindo. Wanaanza na zoezi la kuchuchumaa na kujikunja kama kima, polepole, uti wa mgongo ukikunjika na kukunjuka, mwanafunzi akilirudia kwa muda mrefu kabla hajaoneshwa ngumi. Je, huo si ulaini kwanza? Kwa macho ndiyo. Kwa hiyo sitang'ang'ania kwamba zamu ya Guo ni sheria ya mbinguni. Ni mpango wa mwalimu mmoja mkubwa wa Hebei, na Shanxi walikuwa na mpango wao. Lakini angalia zoezi lile la kima linataka nini: nyonga, mgongo na mabega vikunjike kwa pamoja na vikunjuke kwa pamoja, kisipite kiungo peke yake. Ni mpangilio uleule ambao Guo aliutafuta kwa kishindo, ila unatafutwa kwa mlango wa nyuma. Shanxi na Hebei wanatofautiana kuhusu kasi na sauti. Kwamba mwili uungane kwanza ndipo uwe mwepesi, hapo hawagombani.

Pingamizi la pili ni la wenye mashaka, na wana haki. Wanasema: haya ya ndani ni porojo za pumzi, na yakikutana na mpiganaji wa kweli yanayeyuka. Wanaukumbuka mwezi Aprili mwaka 2017 mjini Chengdu, Xu Xiaodong, mpiganaji wa mapigano mseto, alipokabiliana na mtu aliyejitangaza bingwa wa taiji. Pambano halikufika nusu dakika. Bingwa alikuwa chini anapigwa. Video ilizunguka dunia nzima. Je, ulaini ulishindwa? Mimi naona alishindwa mtu aliyekosa kupimwa. Walimu wa zamani wa xingyi walikuwa watu wa kazi ngumu, kuna waliolinda misafara ya mali barabarani, na Li Cunyi, aliyefariki mwaka 1921, alikuwa mmoja wa walinzi hao. Mtu wa kazi hiyo hakupewa nafasi ya kudhani kwamba ana nguvu. Jambazi ndiye aliyekuwa mtihani. Ukiondoa mtihani, ukaondoa na hatua ya nguvu ya wazi kwa kuwa inachosha na haina mvuto kwa wanafunzi wanaolipa ada, kinachobaki ni mwendo mzuri wa mikono. Xu hakuvunja nadharia ya Guo. Kwa maoni yangu, alionyesha kwa ukatili kidogo kinachompata anayeanza na daraja la tatu. Na kuhusu pumzi na qi, ile inayoitwa nguvu ya uhai, msikilizaji hahitaji kuamini wala kukana ili aielewe beng. Ardhi, mguu na nyonga vinatosha kuieleza.

Bado kuna la tatu, nalo linanitatiza zaidi. Wang Xiangzhai, aliyezaliwa mwaka 1885 na kufariki mwaka 1963, alijitambulisha kuwa mwanafunzi wa Guo Yunshen. Miaka ya 1920 alianza kuyatupa maumbo. Alitupa ngumi tano, akatupa wanyama, akabakiza kusimama wima kwa muda mrefu mikono imeinuliwa kama imekumbatia mti, na kutoka hapo akajenga mtindo wake, yiquan. Hoja yake ilikuwa kwamba umbo linafunga akili, na nguvu ya kweli haina umbo. Kama yeye alifika bila wanyama, kwa nini wengine wapite kwa wanyama? Jibu langu ni kwamba hakufika bila wao. Alikulia ndani ya xingyi, na mwili wake ulikuwa umeshapangwa kabla hajaanza kutupa. Na Guo mwenyewe, alipoieleza nguvu ya tatu, ile ya kugeuza, alitahadharisha: mikono na miguu isikaze, lakini hiyo haina maana kwamba haina nguvu kabisa, nia ndiyo inayoiendesha. Wang alifundisha kwa miaka mingi na alipata wanafunzi wengi. Waliomjia wakiwa wameshapitia xingyi au mtindo mwingine mgumu walikuwa na kitu cha kukitupa. Waliomjia mikono mitupu, wakasimama naye chini ya miti, hao ndio ningependa kuwauliza walichokishika.